Ukurasa wa Damiano

9 Machi 1976, Kilosa

Treni imenishusha Kilosa asubuhi, mvua ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Haikuwa ya kupiga. Ilining'inia tu hewani kama kanga iliyosahauliwa kambani, na milima nyuma yake ikawa kama kitu ambacho mtu anakikumbuka, hakioni.

Nimefikia kwa Bi Joha, mjane wa fundi wa reli, mwenye chumba cha kupangisha karibu na stesheni. Alinipokea begi, kisha akapokea kinasa sauti changu na kukipima mkononi.

"Redio hii?"

"Hapana, Bi Joha. Hiki kinasikiliza."

"Haya. Mradi hakili."

Niandike sababu ya kuja kwangu kabla haijabadilika kichwani. Mimi ni msaidizi katika chumba cha nyaraka cha maktaba ya chuo. Katika kabati la picha kuna moja ya mwaka 1972: vijana watatu wasioona, wawili wa kiume na mmoja wa kike, wameketi kwenye ngazi za maktaba, kila mmoja na kitabu mapajani. Nyuma yake pameandikwa "Wanafunzi wakipumzika". Ripoti ya mwaka ule inasema watatu hao waliacha masomo kwa hiari yao. Lakini kila ninayemuuliza aliyekuwepo wakati ule hutazama pembeni.

Julai chuo kitafanya maonyesho kuhusu wanafunzi waliorudi vijijini kujenga taifa. Mkuu wangu, Ndugu Urbanus, amenituma nikanase sauti za hawa watatu. "Kilimo, kisomo cha watu wazima, nyimbo," aliniambia. "Mambo ya ngazi uyaache." Nilijibu ndiyo. Nilipokuwa nafunga begi ndipo nilipojua kwamba nimekuja kwa ajili ya ngazi.

10 Machi

Mvua. Bi Joha amepika kisamvu.

13 Machi

Nimekwenda Masanze kwa miguu, viatu mkononi. Nyumba za kijiji cha ujamaa zimepangwa mistari miwili, mabati mapya mbele, nyasi nyuma, na katikati njia ya tope jekundu. Lazaro, mmoja wa wale watatu wa pichani, nilimkuta barazani akipukuchua mahindi. Ni mrefu, mwembamba, anayeinamisha kichwa upande mmoja unapozungumza, kana kwamba maneno yako yanaingia kwa mlango wa uani. Mkewe Agnesi alinipa kigoda.

Nilijieleza: chuo, nyaraka, maonyesho. Aliendelea kupukuchua mpaka nilipomaliza.

"Ndugu Costancia," akasema, "chuo kinataka nini kwangu?"

"Sauti yako."

"Sauti yangu walikuwa nayo. Niliipeleka pale nikiwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Hawakuihitaji."

"Mambo yamebadilika, ndugu."

"Yamebadilika kwa nani?"

Akamwambia mkewe anipe maji ya kunywa, akaingia ndani, na hakutoka tena. Agnesi alinisindikiza hadi mwisho wa mstari wa nyumba bila kusema lolote ila "mvua itakukuta njiani". Ilinikuta.

Nadhani ni mtu mwenye kiburi. Kuna watu wanaopenda kidonda chao.

14 Machi

Mafua. Nimelala. Nimeota maktaba yetu imejaa maji hadi rafu ya pili, na samaki wadogo wanapita kati ya vitabu bila kugusa chochote.

20 Machi

Nimerudi Masanze, safari hii bila kinasa sauti. Walikuwa kwenye shamba la kijiji wanapalilia. Sikuombwa, nikachukua jembe. Lazaro hulima akifuata kamba iliyovutwa kutoka mti hadi mti. Huigusa kwa mguu kabla ya kila pigo, na tuta lake limenyooka kuliko langu. Wanawake walinicheka, nami nikacheka.

Jioni alinialika kwenye darasa la kisomo. Sikulitarajia lile. Wazee na kina mama wamejaa katika ghala tupu, Agnesi anaandika ubaoni, na Lazaro anatamka silabi na kuzitungia hadithi: "ma" alikwenda sokoni akamkuta "ji", na wakiungana wewe huna kiu tena. Mzee mmoja aliyekosea aliambiwa, "Baba, umekosea vizuri, rudia." Wakasema kwa pamoja, mvua ikapiga bati, na kwa muda sikujua sauti ipi ni ya watu na ipi ni ya mvua.

Kumbe huyu si mtu wa kiburi.

21 Machi

Nguo hazikauki. Kila kitu kina harufu ya moshi na majani.

28 Machi

Leo Lazaro amezungumza. Tulikuwa barazani, Agnesi akichambua mchicha.

"Unajua kwa nini nilikukatalia?" akaniuliza. "Unakuja kwangu kwa kuwa niko karibu na stesheni. Lakini mambo yale hayakuwa yangu. Wazo lilikuwa la Damiano. Mimi na Bibiana tulimfuata."

"Damiano alifariki," nikasema. Ripoti haisemi, ila nilikuwa nimesikia hapa Kilosa.

"Alifariki. Mwaka uliofuata, kwa homa, kwao Rudewa. Nilipelekewa habari baada ya maziko. Sijawahi kufika kwa mama yake, dada. Kila masika ninasema barabara ikikauka nitakwenda. Ikikauka ninasema ngoja tuvune." Alisugua kiganja kwa kiganja, chembe za mahindi zikadondoka. "Ukiweka sauti yangu bila yake, wewe nawe umeandika kwamba tulipumzika."

Sikuwa nimemwambia habari ya maandishi yaliyo nyuma ya picha. Alijuaje? Nilipomuuliza alicheka kwa mara ya kwanza.

"Mpiga picha alituambia mwenyewe. 'Pumzikeni vizuri,' akasema, 'nawapiga.'"

Tumekubaliana hivi: nimwone Bibiana, aliyeko Mikumi. Kisha twende pamoja Rudewa kwa mama yake Damiano. Baada ya hapo atanena, na itakuwa yote au hakuna.

Nimerudi Kilosa nikitembea polepole. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi magotini, na miguu yangu ilionekana kama ya mtu mwingine anayekwenda njia moja nami.

2 Aprili

Hakuna betri dukani. Bi Joha ametoa za redio yake. "Nitakosa taarifa ya habari," alisema, "lakini habari zenyewe ni mvua, na hiyo naiona."

5 Aprili, Mikumi

Nimepata lifti ya lori linalorudi Kidodi kubeba miwa. Tulipita kijiji cha Ulaya, na dereva, kama wanavyofanya madereva wote wa njia hii, akanipongeza kwa kufika Ulaya bila pasipoti. Baada ya hapo ni miti, maji barabarani, na mara moja twiga watatu wamesimama mvuani bila kujitikisa, kama watu waliosahau walichokuja kufanya.

Bibiana ni opereta wa simu katika hoteli moja ya watalii hapa. Wazazi wake ni wa Kidodi. Ana sauti nzuri ajabu, nzito kidogo, na kila anapoinua kisikilizio hubadilika akawa mtu wa mbali. Alinikaribisha chumbani kwake nyuma ya jiko la hoteli, akapapasa kinasa sauti changu kote.

"Kibonyezo chekundu ndicho cha kunasia?"

"Hicho hicho. Umejuaje kwamba ni chekundu?"

"Kila kitu cha hatari mnakipaka rangi nyekundu. Haya, kibonyeze."

Niandike alivyosema, maana nilisikiliza nikiwa nusu nimeondoka duniani.

Walikuwa wa kwanza kuingia chuoni bila kuona. Vitabu vya nukta nundu, vya kusomwa kwa vidole, vilikuwa viwili tu, na kimoja ni Biblia. Mwaka wa kwanza kulikuwa na wanafunzi waliolipwa kidogo kuwasomea. Mwaka wa pili fungu hilo likaondolewa. Wakaambiwa wategemee moyo wa kujitolea, maana taifa ni la kujitegemea. Wenzao wakajitolea wiki mbili, mitihani ikakaribia, wakachoka. Waliandika maombi, yakapokelewa kwa heshima, yakalala.

"Tukawa tunafeli," alisema Bibiana. "Si kwamba hatukujua. Hatukusomewa. Basi Damiano akatuambia: kesho tukae kwenye ngazi za maktaba. Tusimzuie mtu. Kila anayepanda tumwombe neno moja tu: Ndugu, nisomee ukurasa mmoja."

"Na walisoma?"

"Siku ya kwanza walicheka, wakaruka miguu yetu. Halafu msichana mmoja akaketi. Simjui jina hadi leo, nilijua mafuta yake ya nazi. Akasoma ukurasa wangu wa sheria, akasema asante, yeye ndiye aliyesema asante! Siku iliyofuata wakaketi watatu, wanne. Mwisho ngazi nzima ilikuwa inasoma, Costancia. Jaribu kusikia. Huku historia kwa Lazaro, huku sheria kwangu, huku jiografia kwa Damiano, sauti za Wahaya, za Wapemba, za Wachaga, zote kwa wakati mmoja. Ilikuwa kama kukaa ndani ya mti wenye ndege. Sijapata kufurahi vile."

Nilisikia sahani zikioshwa jikoni.

"Damiano alikuwa na shida moja," akaendelea, akitabasamu. "Kitabu chake kilivunjika mgongo. Kila anayekishika, kinajifungua palepale. Kwa hiyo kila mtu alimsomea ukurasa uleule. Tukamwambia, Damiano, waambie wafunue mbele. Akasema, waacheni, huu nitaujua kuliko aliyeuandika."

Kisha uongozi ukasema wanazuia njia. Wakaitwa, wakaambiwa wachague: waombe radhi kwa maandishi, au waende nyumbani. Walisema watasubiri jibu la maombi yao. Asubuhi moja gari likaja bwenini, likawapeleka stesheni ya treni.

"Hatukuaga mtu," alisema Bibiana. "Na nasikia tuliondoka kwa hiari."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Andika vingine."

6 Aprili, Mikumi

Bibiana ameniuliza Lazaro amekuwaje. Nimemwambia habari za silabi zinazokwenda sokoni. Amecheka hadi akashindwa kupokea simu. Hawajazungumza tangu siku ile ya treni: yeye hakujua Lazaro aliishia Masanze, Lazaro alidhani yeye hataki kukumbushwa. Mwendo wa asubuhi moja kwa lori, na miaka minne yote.

11 Aprili, Kilosa

Mvua usiku kucha, mchana kutwa.

12 Aprili

Vilevile.

15 Aprili

Mto Mkondoa umeacha njia yake. Asubuhi tuliamka tukasikia mji umenyamaza kwa namna ya ajabu, kisha Bi Joha akashusha mguu kitandani na kupiga ukelele: maji yalikuwa chumbani, ya kahawia, yametulia kama yaliyokaribishwa. Hayakuja kwa kishindo. Yalipanda tu, kama mawazo yanavyopanda.

Niliokota begi lenye tepu kwanza, kabla ya viatu. Bi Joha akaniona.

"Lete hapa," akasema. Akazifunga tepu kwa kanga, akaziweka ndani ya sufuria kubwa ya pilau, akafunika, na tukaifunga juu darini kwa kamba. Kisha tukakaa juu ya meza yake ya kulia chakula, miguu tumekunja, tukiangalia kuku wake wakielea barabarani juu ya mlango wa mtu.

"Hizo ni sauti za nani hasa?" aliniuliza.

Nikamweleza yote, ngazi, kurasa, gari la asubuhi. Maji yalikuwa yanagusa ubavu wa meza. Aliniacha nimalize.

"Mume wangu angewajua," akasema. "Alikuwa akirudi nyumbani ananiambia: leo treni imeshusha watu waliolia. Leo imeshusha watu waliofurahi. Siku moja alisema imeshusha kijana asiyeona, hana mwenyeji, akakataa kuongozwa mkono, akasema ataisikiliza njia mpaka aijue. Alimpa chai."

"Huyo alikuwa Lazaro?"

"Sijui, mwanangu. Watu wanaoshuka hapa ni wengi."

Adhuhuri vijana wa kikosi cha mgambo walitupitia kwa mtumbwi uliotengenezwa kwa mapipa. Tumelala shuleni, tumebanana kama dagaa. Reli imekatika pande zote mbili.

16 Aprili

Uji wa serikali. Tepu salama.

24 Aprili

Maji yameshuka. Yameacha tope laini la rangi ya chai ya maziwa kila mahali, hata ndani ya kabati lililofungwa. Tumelikokota nje siku nzima. Lazaro na Agnesi wamekuja kutoka Masanze na kikapu cha mihogo. Lazaro alipoingia Bi Joha alimtazama sana, akamkaribisha chai, na hakumuuliza chochote. Baadaye nilimuuliza mimi, chinichini. Akasema, "Kama ni yeye, amekunywa chai mara mbili nyumbani kwangu. Kama si yeye, amekunywa mara moja. Kuna ubaya gani?"

3 Mei

Barabara ya Rudewa imefunguka. Kesho.

4 Mei

Nitaandika polepole.

Tulikwenda watatu, mimi, Lazaro na Agnesi, nyuma ya trekta la shamba la mkonge. Pande zote mbili mkonge umesimama mistari hadi upeo wa macho, mwingine umeachwa ukatoa milingoti, na ng'ombe wa wafugaji wanapita katikati yake polepole, weupe kwenye ukungu. Mama yake Damiano tulielekezwa: nyumba ya mwisho ya makambi ya zamani ya wakata mkonge. Jina lake Bibi Paulina. Ni mdogo wa umbo, amefunga kitambaa cheusi kichwani. Nyumbani huzungumza lugha ya kwao ya milimani. Kiswahili chake kinakuja taratibu, kila neno limeoshwa.

"Shikamoo, mama," Lazaro alisema, akapiga magoti palepale kwenye tope.

"Marahaba. Nani wewe?"

"Lazaro. Niliketi pamoja na Damiano."

Bibi Paulina akamshika kichwa kwa mikono miwili, akakipapasa, kana kwamba yeye ndiye asiyeona.

"Umechelewa," akasema.

"Nimechelewa, mama."

"Inuka. Tope lina baridi."

Alitupa viazi vitamu. Lazaro akamweleza kila kitu, naye akasikiliza kwa kutikisa kichwa. Mengi hakuwa akiyajua. Mwanawe alirudi akasema tu kwamba shule imefungwa. Nilimwomba ruhusa ya kuwasha kinasa sauti, nikamweleza kwamba kitahifadhi jina la Damiano mahali wanaposoma watu. Akafikiri.

"Mimi sina la kusema la shuleni," akasema. "Ila nina maneno yake. Alipougua, aliyasema mchana kutwa. Yaleyale. Mtoto akirudia neno, mama hulibeba hata kama hataki. Niyaseme?"

Akanyoosha mgongo, akaweka mikono mapajani, akaanza.

Kilikuwa Kiingereza. Kiingereza kilichopita kwenye masikio ya mama asiyekijua hata neno, kikabaki ndani yake miaka mitatu, kikachukua mdundo wa nyimbo za kwao. Maneno mengine yalikuwa yameshikana, mengine yamepasuka katikati, lakini hayakukosekana. Alisema bila kusita, macho yameelekea mkonge. Nilimwona Lazaro akiacha kutafuna. Uso wake ulibadilika, midomo yake ikaanza kumfuata, na kufikia katikati wote wawili walikuwa wakisema pamoja, yeye anayejua na yeye asiyejua, sauti moja.

Ulikuwa ule ukurasa.

Alipomaliza akashusha pumzi. "Nilimsomea mchungaji mmoja," akasema, "akaniambia ni lugha ya Wazungu, akawa na haraka. Sikuuliza tena. Niliogopa."

"Uliogopa nini, mama?" Agnesi aliuliza.

"Alitaka kurudi kudai haki yake, nikamkataza. Nilimwambia, mwanangu, wakubwa hawashindwi, kaa nami. Akakaa. Akaugua. Akayasema maneno haya akinielekezea uso. Nikajua ananilaumu kwa lugha ambayo siwezi kumjibu." Alisema hivyo bila machozi, kama mtu anayetaja mahali anapoishi. "Sasa wewe umeyajua. Niambie. Ninaweza kusikia."

Agnesi alimshika Lazaro begani. Naye akaanza kutafsiri, sentensi moja moja, kwa sauti ile ya darasani:

"Mto uliozeeka, mama, hauendi mbio. Ukifika uwandani hupinda huku na huku. Hula ukingo mmoja, na udongo ule ule hujenga ukingo wa pili. Ukija mwaka wa mafuriko, mto huweza kukata njia mpya iliyonyooka. Ile njia ya zamani hubaki peke yake, ikawa ziwa dogo, lenye umbo la mwezi mchanga. Ndege hupenda kukaa hapo."

"Halafu?"

"Basi. Ukurasa unaishia hapo."

"Mto," akasema Bibi Paulina.

"Mto, mama."

"Hakuna mahali pamenitaja?"

"Hakuna. Ni somo. Alikuwa anasoma."

Alikaa. Mvua nyepesi ilikuwa imerudi, na mkonge ukafifia mstari baada ya mstari. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na nilipodhani analia nikaona anacheka, mkono mdomoni, anacheka kama msichana.

"Mto tu! Kumbe ni mto tu! Damiano, mwanangu, umenitesa kwa mto!"

Ndipo akalia. Sote tulilia. Kinasa sauti kilikuwa bado kinazunguka, sikukizima.

5 Mei

Sina la kuongeza.

9 Mei

Nimenasa sauti ya Lazaro, mchana mzima. Betri za Bi Joha zimekufa akiwa anataja jina la mwisho. Zimejitahidi.

17 Mei, Mikumi

Nimekuja na Lazaro. Sitaandika walivyokutana yeye na Bibiana. Nilitoka nje, nikaangalia nyani wakiiba mikate jikoni.

Kisha Bibiana akaniunganishia simu ya Dar es Salaam kwa Ndugu Urbanus. Nilisimama kwenye kibanda cha hoteli, yeye akiwa kwenye ubao wake nyuma ya dirisha, amevaa visikilizio. Nilimwambia mkuu wangu kwamba nimepata kila kitu, hata mgomo wenyewe, na kwamba wahusika wanataka viwekwe vyote kwa majina yao.

"Costancia, nilikuelekeza nini?" Sauti yake ilikuwa ikienda na kurudi kama ya mtu aliye kisimani. "Kata hizo sehemu. Bakiza za kilimo na huyo bibi na mashairi yake, watu watapenda. Hao vipofu hawatajua kilichokatwa."

Kabla sijajibu, kwenye waya ikaingia sauti nyingine, ile nzito, ya mbali, yenye adabu yote ya kazi.

"Samahani, Ndugu Urbanus. Hapa ni opereta, Mikumi. Dakika zako zimekwisha. Niongeze?"

"Ongeza, tafadhali."

"Nimeongeza. Jina langu ni Bibiana. Nilikuwa ngazi ya chini kabisa, upande wa kulia unapopanda. Tepu ni zetu, hatuzitoi pungufu. Ukizitaka, njoo Kilosa uzichukue kwa mkono wako."

Waya ukavuma. Nilidhani amekata.

"Bibiana," akasema hatimaye Urbanus, taratibu. "Nakukumbuka." Kisha akakata kweli.

Nimekaa sakafuni kwenye kibanda. Bila shaka sina kazi tena. Ajabu ni kwamba sijisikii kuanguka. Najisikia kama nimelala juu ya maji na maji yananibeba.

18 Mei hadi 10 Juni, Kilosa

Hakuna simu, hakuna barua. Mvua inapungua. Namsaidia Agnesi kisomo. Bi Joha ananifundisha kupika wali wa nazi usioungua. Reli imetengenezwa.

19 Juni

Amekuja.

Tulikuwa sebuleni kwa Bi Joha, kuta zina alama ya tope usawa wa kiuno. Lazaro, Agnesi, Bibiana aliyeomba ruhusa kazini, na Bibi Paulina aliyekuja juzi na kuku wawili. Ndugu Urbanus aliingia akiwa na suti ya Kaunda na mkoba, mnene kuliko ninavyomkumbuka, amechoka. Aliwasalimu vijana, kisha akamwinamia Bibi Paulina.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye wa chuo?"

"Ni mimi."

"Ulikuwepo wakati ule?"

"Nilikuwepo. Nilikuwa mkutubi mdogo."

"Mwanangu aliwahi kukuomba umsomee?"

Nilidhani atasema yuko kazini, au hakumbuki, au mambo ni magumu, yale anayoyasema siku zote. Alikaa kwenye ukingo wa kiti. Alivua miwani.

"Hapana, mama. Nilikuwa napita mlango wa nyuma. Kila siku. Ili asiniombe."

Hakuna aliyemsaidia. Bi Joha aliacha chai ikafurika kikombeni.

"Haya," alisema Bibi Paulina. "Marahaba nimekwisha kukupa, siichukui tena. Sikiliza sasa."

Tukamsikilizisha tepu zote, tangu mwanzo. Alisikiliza hadi jua likashuka nyuma ya milima. Kisha akatoa kadi za nyaraka mkobani, akaandika majina matatu, akaandika "walifukuzwa kwa kudai wasomewe", akanipa nisome kwa sauti ili wote wasikie. Alisema hawezi kuahidi kwamba tepu zitakuwemo kwenye maonyesho. Kuna watu juu yake. Ila zitakuwa kwenye chumba cha nyaraka, nzima, na yeyote atakayeziomba atazisikia. "Na wewe, Costancia," akaongeza bila kunitazama, "kazi yako ipo. Kwa sasa."

Nimefanya kazi naye muda mrefu nikidhani ni mwoga. Ni mwoga. Lakini amepanda treni akaja.

Lazaro aliridhika. Alinyoosha mkono, wakashikana. Bibiana hakunyoosha wake.

"Ndugu Urbanus, nafasi yangu ya mwaka wa pili iko wapi?"

"Nafasi?"

"Sikuacha shule. Umeandika mwenyewe sasa hivi, nilifukuzwa. Aliyefukuzwa anaweza kurudishwa. Nani ninayepaswa kumwona?"

"Si mimi," akasema. "Na watakukatalia."

"Watanikatalia nikiwa mbele yao."

21 Juni, ndani ya treni

Anga ni safi, bluu isiyo na mkunjo. Ndugu Urbanus amelala, kinywa wazi, mkoba wa tepu ameukumbatia kifuani. Bibiana ameketi dirishani, upepo unampiga usoni. Ameacha kazi Mikumi bila kujua kama ataipata tena. Lazaro alimwambia stesheni kwamba yeye hang'oki tena, ana darasa, ana tuta lake, lakini Bibiana akikubaliwa, amtumie salamu na jina la atakayekuwa anamsomea.

Nimemuuliza Bibiana kama anaogopa.

"Sana," amesema. "Mbele yetu kuna nini?"

Nimemweleza: mashamba, mtoto wa ng'ombe, mwanamke anaanika nguo.

"Endelea," amesema, akajisogeza karibu.